Mulinee Mbili Zisizouzwa za Maman Marcelline

Saa moja na nusu asubuhi, soko la Nyawera bado linapiga miayo. Mvua ya usiku imeacha tope jepesi kati ya meza, waendesha pikipiki wanasubiri abiria wasiokuja, na wabeba mizigo wawili wanabishana kuhusu mpira. Marcelline Nsimire, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, anapanga bidhaa zake kwa utaratibu ambao hakuna anayeruhusiwa kuuvuruga. Ndoana kwa ukubwa, nailoni kwa unene, vyelezo, chubwi za risasi, sindano za kushonea nyavu. Mwisho kabisa anatoa mulinee.

Mulinee ni kile kigurudumu cha kuvingirishia uzi kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Jina limetoka kwenye Kifaransa, na mjini Bukavu hakuna anayelijua kwa jina lingine. Leo anazo kumi na moja mezani. Nyingi ni za okaziyo, yaani zilizokwisha kutumika Ulaya, na chache ni mpya, zinang'aa kama pipi.

Mteja wa kwanza anafika kabla hajamaliza kupanga. Ni kijana wa ofisini, Hugues, shati limepigwa pasi, viatu amevipandisha juu ya jiwe ili visiguse tope.

"Mi niko na dola trente tu, maman," anasema, akimaanisha thelathini. "Nataka ile inakaa yulu ya fimbo, hapana ile inaning'inia chini."

Mfanyabiashara mwingine angemwonyesha zilizo mezani. Marcelline anainama, anapekua chini ya meza, na kuibuka na mulinee nyekundu iliyofungwa kipande cha karatasi kwa uzi.

"Weka hii ku sikio. Zungusha polepole. Unasikia nini?"

Hugues anazungusha mpini, uso umekunjamana. "Ni kama... ni kama muchanga ndani."

"Njo hivyo. Ukisikia hiyo sauti fasi yoyote, kimbia. Hata kama iko inang'aa namna gani."

Hugues anacheka. Anauliza bei ya hiyo nyekundu, kwa utani tu, naye anajibiwa kwamba haiko ya kuuzisha. Jicho lake linaangukia nyingine chini ya meza, nyeusi, imekwaruzika, imelazwa juu ya kitambaa safi kama mtoto mchanga. Na ile je?

"Ile pia haiko ya kuuzisha. Iko na mwenyewe."

Kijana anashika tatu za mezani, anasikiliza moja moja, anasema atakwenda kufikiri kwanza. Marcelline anamwambia afikiri polepole, mulinee haziozi. Hugues anaondoka mikono mitupu, na kwenye meza ya jirani Dany, muuza tochi na betri, anashika kichwa.

"Maman Marcelline! Unaacha kiliya wa kwanza anaenda bure? Siku yetu yote itaharibika!"

"Dany, wacha aende," anajibu bila kuinua macho. "Nilishaka kukamata mutu na hiyo maneno mara moya. Inatosha."

Asiyeijua Nyawera anaweza kuona Dany anapiga kelele za bure. Lakini humu sokoni mteja wa kwanza si mteja kama wengine. Yeye ndiye anayeifungua siku. Akigusa bidhaa, akauliza bei, kisha akaondoka bila kununua hata sindano, wauzaji wanaamini ameifunga siku hiyo na pesa haitaonekana tena mpaka jioni. Kwa hiyo muuzaji atambembeleza, atapunguza bei, atamwongezea kidogo juu, mradi asiondoke hivi hivi. Na mteja mwenye adabu, akijua ni wa kwanza, hawezi kukataa kwa urahisi. Ni mtego ambao pande zote mbili huingia kwa heshima.

Marcelline ameuacha mtego huo kwa miaka minne sasa. Sababu yake imelala chini ya meza, nyekundu na nyeusi, ubavu kwa ubavu.

Biashara hii hakuirithi kwa mama wala kwa shangazi. Aliianza kwa ndoana, pakiti moja kila siku, alipokuwa bado msichana. Masikio aliyapata kwa kaka yake mkubwa, marehemu Patrice, aliyekuwa akitengeneza cherehani. Patrice alikuwa anafumba macho na kuzungusha gurudumu la cherehani kabla hajalifungua, na nusu ya ugonjwa alikuwa amekwisha kuujua.

"Mimi nilikuwa nakaa pembeni yake, nafikiri anasali," Marcelline anakumbuka akicheka. "Siku moya akaniambia, kuya, na wewe sikiliza. Kuanzia ile siku sijaacha."

Wavuvi wengi wa sambaza, dagaa wa ziwani, hawamhitaji kwa mulinee, wao wana nyavu zao na mitumbwi yao. Wateja wake wa mulinee ni watu wa kusimama ukingoni, kwenye mawe ya rasi zinazoingia ziwani: wastaafu, wanafunzi wa chuo, watu wa mashirika siku ya mapumziko, na baba wachache ambao samaki wawili wa jioni ndio mboga ya nyumbani. Mwezi mzuri anauza tano. Kila moja inamwachia dola tano au sita, basi. Kinachomlisha ni ndoana na nailoni, ambazo siku njema humpa faranga elfu kumi na tano hadi ishirini za Kongo. Mumewe ni dereva wa lori la Kamanyola, na kati ya lori na ndoana watoto watatu wamesoma.

Lakini ni mulinee zilizompa jina. Watu hutoka mbali kuja kuuliza kwa Maman Marcelline, wenye pesa na wasio nazo, na hasa wasio nazo.

"Mwenye feza nyingi hahitaji mimi," anasema. "Anaingia duka, analipa, kwisha. Mimi niko ju ya yule iko na vingt-cinq, na hana vingt-cinq ingine nyuma." Yaani dola ishirini na tano.

Mulinee inayoning'inia chini ya fimbo ni rahisi, hata mtoto ataitumia. Ile inayokaa juu ndiyo yenye kiburi. Unaporusha, kigurudumu chenyewe ndicho kinachozunguka kuachia uzi, na kidole gumba lazima kikilegeze na kukizuia kwa wakati wake. Kigurudumu kikiutangulia uzi, uzi unafumuka, unavimba, unajifunga mafundo mia. Wavuvi wa Bukavu wanaita fujo hiyo perike, kama nywele za bandia, na anayeiona mara moja anaelewa kwa nini. Lakini inarusha mbali, inabeba chubwi nzito, na kwa mtu aliyeizoea hakuna raha kama hiyo.

Kwa mwenye pesa kidogo, Marcelline ana maneno yake. Usisome boksi. Boksi likisema ndani kuna rulema kumi na tatu, zile gololi za kulainisha mzunguko, muulize nani alizihesabu. "Ine nzuri inapita treize mubaya," anasema, na anagonga meza kwa kidole. Bonyeza mwili wake kwa vidole gumba viwili: ukibonyea, meno ya ndani yatahama siku utakayopata samaki wa kweli. Shika mpini, uchezeshe mbele na nyuma, ukilegalega, rudisha. Tikisa kigurudumu kuona kama kinacheza. Jaribu breki ya pembeni, usikie kama inakamata au inajifanya tu kukamata. Angalia mpini uko upande wa mkono wako, maana za okaziyo zinakuja zote, za kushoto na za kulia. Mwambie mwenye nayo aapie kwamba hajaitia mafuta ya mawese, kwa sababu kuna watu mjini humu wanaitia, na ikikauka inashika kama ulimbo. Halafu sikio.

"Na rangi?" aliulizwa na mteja mmoja wiki iliyopita.

"Samaki haiangaliake rangi ya mulinee, papa. Ni jirani njo anaiangaliaka."

Watu walicheka. Yeye alicheka pia, ila kidogo. Maneno hayo yote aliyajua vizuri asubuhi ile miaka minne iliyopita, na hakuyasema.

Ilikuwa mwezi wa tisa. Mwalimu Isidore Zagabe alifika mezani kabla hata ya Dany. Alikuwa mzee wa miaka sitini na tisa, koti la kijivu, kofia mkononi, mtu aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita na ambaye nusu ya wauzaji wa Nyawera walijifunza kusoma mbele ya ubao wake. Tangu kustaafu, na hasa tangu kufiwa na mkewe, alikuwa akishinda kwenye mawe ya ukingoni na fimbo yake. Mulinee yake ya zamani ilikuwa imeliwa meno. Alikuwa amejikusanyia dola ishirini na tano, akaziweka kwenye bahasha.

Mezani palikuwa na mulinee mbili za kukaa juu. Nyeusi ilikuwa ya chuma, ya okaziyo, imekwaruzika kila upande, na ilipozungushwa haikutoa sauti isipokuwa mvumo mwembamba. Marcelline aliinunua kwa dola kumi na nane. Nyekundu ilikuwa mpya, ndani ya boksi lake, na jioni ya kuamkia siku hiyo alikuwa ameiweka sikioni akasikia mchanga. Aliisikia pia breki yake, namna inavyoteleza bila kukamata. Alijua kabisa kwamba hakuna kidole gumba duniani kitakachoitawala.

Mwalimu alishika nyeusi. Aliipenda papo hapo, alionekana wazi. Akauliza bei.

"Quarante, Papa." Dola arobaini.

Kulikuwa na mtu wa shirika moja aliyekuwa amesema atakuja kuichukua kwa arobaini na tano. Alisema tu, hakuacha hata senti. Hakurudi siku ile, hakurudi mwezi ule, na mpaka leo hajarudi.

"Batu banasemaka ilikuwa ju ya minerval, ju mwezi wa tisa batoto banarudia masomo," Marcelline anasema, akitaja ada ya shule kama wanavyoiita Wakongo. "Hapana. Nisidanganye. Minerval ingetoka. Ilikuwa ju ya ule mutu wa quarante-cinq. Tamaa tu."

Mwalimu aliirudisha nyeusi taratibu. Akasema basi, atakwenda kujikusanya tena, labda atarudi Noeli. Aligeuka kuondoka. Na hapo Marcelline akatamka yale maneno.

"Papa, wee njo wa kwanza leo. Usinifungie siku."

Mzee akasimama. Mtu mwingine angecheka na kwenda zake, lakini Isidore Zagabe hakuwa mtu wa kumharibia mama wa watu siku yake. Akarudi, akauliza kama kuna ya dola ishirini na tano. Marcelline akamnyoshea nyekundu. Mwalimu aliipindua mikononi, akasoma boksi lote mpaka mwisho, kama walimu wanavyosoma, kisha akauliza swali moja tu.

"Ni nzuri, mama?"

"Iko ya sasa, Papa. Rulema treize."

Akatoa bahasha. Siku ilifunguliwa vizuri, Marcelline anakiri. Aliuza mpaka sindano zikaisha.

Jumamosi yake, mchana soko limefurika, Mwalimu alirudi. Nyekundu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imevimba perike kubwa kuliko ngumi. Hakuja kudai pesa yake.

"Mama, samahani kukusumbua," alisema kwa Kiswahili chake cha shule. "Labda sikuelewa namna ya kuitumia. Kila nikirusha inajifunga. Wiki nzima sijarusha hata mara moja vizuri."

Wateja wawili walikuwa wamesimama pale, mmoja ameshika mulinee, mwingine anauliza bei. Kusema kweli mbele yao kulikuwa ni kufunga meza. Hivyo ndivyo alivyoona wakati ule. Nyeusi ilikuwa palepale, angeweza kumpa kwa dola zilezile na bado akabaki na faida. Badala yake akaichukua nyekundu, akaizungusha mara mbili hewani, mbali na sikio.

"Papa, hii kintu iko muzima. Ni mikono yako. Mikono imezeeka, haifwate tena."

Watu walicheka. Dany alicheka kuliko wote. Hata leo anasema hajui alicheka nini, ilikuwa tu ni namna maman alivyolisema.

Mwalimu Isidore hakukasirika. Aliinua mikono yake, akaiangalia upande wa viganja, akaigeuza akaiangalia upande wa juu, kama anayekagua daftari. Ilikuwa imetulia kabisa. Marcelline aliiona kwa macho yake imetulia.

"Inawezekana," mzee alisema. "Aksanti, mama, kwa kuniambia. Nyumbani wananificha."

Akakunja mfuko wake, akashuka na njia.

Marcelline ameuza bidhaa sokoni miaka zaidi ya thelathini. Ametukanwa, ameibiwa, amenyeshewa. Anasema hakuna neno lililowahi kumchoma kama ile aksanti. Angetukanwa angesahau kabla ya jioni. Jumatatu aliitoa nyeusi mezani akaiweka chini, akijiambia kwamba mzee akipita tena atamwita na kumpa. Mzee hakupita. Alipouliza, aliambiwa hajaonekana ukingoni tangu wiki ile. Yeye mwenyewe angeweza kwenda kumtafuta, si mbali. Hakwenda. Kila wiki alijipa sababu, na sababu zilikuwa hazimwishi.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha asubuhi moja akafika mwanamke mwenye begi la ofisi na fimbo mbili za kuvulia chini ya kwapa. Alikuwa Lydie, binti wa Mwalimu, katibu katika ofisi moja mjini. Baba yake, alisema, amehamia kijijini Walungu, kwenye nyumba ya marehemu bibi yao. Amesema vitu vyote vya kuvulia viuzwe.

Lydie alifungua sanduku. Ndoana zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, kama za Marcelline mwenyewe. Na pale chini, imefutwa, imevingirishwa katika kitambaa, ilikuwa nyekundu. Ilikuwa imefungwa karatasi, na juu ya karatasi, kwa wino wa bluu na mwandiko ule mzuri wa kuunganisha unaojulikana na kila aliyepita darasani kwake, palikuwa pameandikwa: *Nzima. Haina kosa. Kosa ni la mikono yangu.*

"Hakutaka mwenye ataiuzisha afikiri iko mubaya," Lydie alieleza. "Papa iko hivyo."

Kisha akaendelea. Baba aliacha kuvua, halafu akaacha kusoma masomo ya misa, akiogopa kitabu kitamwanguka mbele ya watu. Akaacha kunyoa mwenyewe. Hata kalamu hashiki mbele za wageni. Anasema mikono imekwisha.

"Na sisi tulikuwa tunaona mikono iko sawa," Lydie alisema. "Tulimuambia. Akasema tunamuhurumia tu, ju mama wa Nyawera, ule hana sababu ya kumudanganya, njo alimuambia ukweli."

Hapo Marcelline alikuwa na mlango uliofunguliwa wazi mbele yake. Hakuingia. Alinunua sanduku, fimbo, na mulinee, vyote kwa bei aliyotajiwa, bila kubishana hata neno moja, jambo ambalo Nyawera lingetosha kumfanya mtu yeyote ashuku. Lydie hakushuku. Alishukuru akaenda kazini.

"Siku ile ya kwanza nilimudanganya mutu," Marcelline anasema. "Siku ya Lydie nilikuwa naona mutu iko chini, na nikapita yulu yake. Sijuwi gani njo iko mubaya zaidi."

Tangu hapo nyekundu ikawa mwalimu wa meza yake. Kila mteja wa mulinee lazima aisikilize kwanza, ajue ubovu unavyolia, kabla hajagusa nyingine. Watu wanadhani ni mbinu ya biashara, na kweli wateja wameongezeka. Hilo nalo linamuumiza, kwamba hata toba yake inamletea faida.

Mwezi uliopita Lydie alipita tena kununua kitu kwa Dany. Akamsalimia Marcelline, akasema kama habari ndogo tu ya kupitisha: "Papa aliniuliza kama yule mwenye alinunuaka ile nyekundu anapataka samaki."

Marcelline akaketi. Akamwambia Lydie yote, pale pale, Dany akisikia, kuanzia bahasha mpaka aksanti. Lydie hakupiga kelele. Alizitia betri zake begini, moja moja.

"Usiniambie mimi," alisema. "Panda gari, uende umuambie yeye."

Marcelline alikwenda Jumanne, siku ambayo soko lake huwa baridi. Gari dogo la Walungu lilimshusha karibu saa nne, akauliza njia, akapanda kijia kati ya migomba akiwa na mfuko wenye mulinee zote mbili. Alimkuta Mwalimu ameketi uani kwenye benchi, anapukuchua maharage.

"Asinge," alimsalimia kwa Kimashi.

Mzee aliinua kichwa. Alimtambua mara moja. "Wewe ni mama wa ndoana," alisema, na akamsogezea kiti.

Marcelline alikuwa amepanga hotuba nzima ndani ya gari. Haikutoka. Alitoa tu nyekundu, akamwomba aiweke sikioni na kuzungusha. Mzee alifanya alivyoambiwa. Kisha akampa nyeusi, akamwomba afanye vilevile.

"Ya kwanza ina mchanga," Mwalimu alisema.

"Njo hivyo ilikuwaka, Papa. Tangu mbele nikuuzishe. Niliisikia na hii matwi yangu. Hakuna mutu angeweza kuirusha, hata kijana. Siyo mikono yako. Haikuwaka mikono yako hata siku moya."

Kuku waliyasogelea maharage, mzee hakuwafukuza. Aliiweka mulinee mapajani, akainua mikono yake kama alivyofanya sokoni, viganja, kisha upande wa juu. Na mikono ilikuwa inatetemeka. Safari hii ilikuwa inatetemeka kweli. Miaka minne si michache kwa mtu wa umri wake.

"Basi siku ile ilikuwa mizima," alisema.

"Ilikuwa mizima, Papa."

"Sasa ndiyo imekwisha." Akaishusha juu ya mulinee. "Ningekuwa nimevua mpaka juzi, mama. Ningekuwa nimesoma misa ya Pasaka zote hizi."

Marcelline alilia, anasema hivyo bila kuona haya. Mwalimu hakumwambia anyamaze na hakumwambia amemsamehe. Alingoja amalize, kisha akauliza kama bado ana ile karatasi. Alikuwa nayo, imefungwa kwenye nyekundu. Mzee akaomba kalamu. Akaiweka karatasi juu ya goti, akaukata mstari wake wa zamani, na chini yake akaandika upya, herufi moja baada ya nyingine, mkono ukimtoroka na yeye akiurudisha. Ilimchukua muda. Ni karatasi hiyo ambayo Hugues aliiona asubuhi bila kuisoma. Juu kuna mwandiko mzuri wa bluu, umekatwa. Chini, kwa herufi zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza: *Ilikuwa mbovu tangu mwanzo. I. Zagabe.*

"Uifunge palepale," alimwambia. "Watu wasome."

Nyeusi aliizungusha mara nyingi, jicho moja amelifumba. Alijaribu kuweka kidole gumba juu ya kigurudumu, kidole kikateleza. Akairudisha. Marcelline alikataa kuipokea, akasema ni yake, ilikuwa yake tangu asubuhi ile ya bahasha. Wakabishana kidogo, kwa adabu.

"Haya, ni yangu," mzee alikubali. "Lakini hapa itakula vumbi. Nitunzie."

Ndiyo maana haiko ya kuuza. Iko na mwenyewe.

Chini ya nyumba ya Mwalimu, bondeni, jirani yake ana bwawa la samaki. Marcelline aliliona alipokuwa akishuka kurudi barabarani, akasimama, akapanda tena kijia chote kwenda kumuuliza mzee kama angependa kukaa pale siku moja na fimbo. Si kwa ile ya juu. Kwa ile inayoning'inia chini, ambayo haimtaki mtu kidole, inataka mpini tu kuzungushwa.

Mwalimu alifikiri. "Kama ni kukaa na kuangalia maji, naweza," alisema. "Lakini usije siku ya posho. Ndiyo siku ya wateja wako, usiipoteze kwa ajili yangu."

Siku ya posho ni Jumamosi. Siku hiyo watu wa mawe ya ukingoni hupita kununua, na mauzo yake yanakaribia nusu ya wiki nzima.

Kwa wiki tatu sasa Marcelline anasikiliza mulinee ndogo za kuning'inia, kila mzigo mpya unapofunguliwa. Amekataa tisa. Ya kumi, ya kijivu, mpini mwepesi, aliiweka sikioni juzi akaizungusha mpaka Dany akamuuliza kama amelala. Ameifunga kwenye kitambaa safi kama kile cha nyeusi, pamoja na mojawapo ya zile fimbo mbili alizoleta Lydie.

Dany anataka kujua meza itabaki na nani siku atakapokwenda Walungu.

"Itabaki imefungwa," anamjibu.

"Jumanne?"

Marcelline anazipanga tena ndoana, ingawa hakuna aliyezigusa.

"Hapana," anasema. "Nitaenda siku ya posho."